Linux kazini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali ambayo mtu anayewawekea wenzake Linux maofisini huulizwa hadi ayaote usiku. Yanaanza na ya msingi na kuishia na yale ya kona kona. Jibu likigusa swali jingine, utaelekezwa huko.

## Ya msingi

Linux ni nini hasa?

Ni mfumo endeshi, yaani programu ya chini kabisa inayosimamia kompyuta: inagawa kumbukumbu, inasoma diski, inapokea unachoandika kwenye kibodi na kuzipa programu nyingine mahali pa kusimama. Windows na macOS zinafanya kazi hiyo hiyo.

Ukitaka kuwa mkali wa maneno, Linux ni kiini tu, au kerneli kama mafundi wanavyoiita. Linus Torvalds alikianza mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini. Zana nyingi zinazokizunguka zilitoka kwenye mradi wa GNU, uliotangazwa na Richard Stallman mwaka 1983. Lakini watu wakisema "Linux" wanamaanisha furushi zima, na hapa tutawafuata.

Chanzo huria maana yake ni bure?

Si lazima. Huria inahusu haki: una ruhusa ya kuuona msimbo, yaani maandishi ya programu jinsi waandishi walivyoyaandika, kuubadilisha, kuunakili na kumpa mwingine. Bei ni habari nyingine. Zipo Linux unazopakua bila kulipa hata senti, na zipo ambazo masasisho yake unayapata kwa usajili wa mwaka.

Kuna biashara za maana zinazoitumia, au ni ya wapenda kompyuta tu?

Tangu Novemba 2017, kompyuta zote 500 kwenye orodha ya TOP500, ile ya kompyuta zenye nguvu kuliko zote duniani, zinatumia Linux. Android imejengwa juu ya kerneli ya Linux. Seva nyingi zinazobeba tovuti na huduma za wingu ni Linux pia.

Kwa hiyo ofisi inayosema haijawahi kugusa Linux kwa kawaida inaitumia tangu asubuhi: kwenye rauta iliyotundikwa ukutani, kwenye simu ya meneja, kwenye seva iliyobeba tovuti ya kampuni. Ambapo haipo ni juu ya meza ya mhasibu, na hapo ndipo ubishi wote ulipo.

Distro ni nini, na nichukue ipi?

Kerneli peke yake haifai kitu kwa mtu wa ofisi. Lazima mtu aiunganishe na programu nyingine, aijaribu, kisha aitoe ikiwa kitu kimoja kinachosakinishika. Furushi hilo ndilo distro. Debian, Ubuntu, Fedora, Red Hat Enterprise Linux na SUSE ni mifano.

Kwa kazini, angalia jambo moja kabla ya rangi na urembo: itapata masasisho ya usalama hadi lini? Ubuntu hutoa toleo la muda mrefu kila baada ya miaka miwili, mwezi wa Aprili, na kulihudumia kwa miaka 5. Debian, ukijumlisha kipindi chake cha huduma ndefu, nayo inafika miaka 5. Matoleo ya Red Hat Enterprise Linux huhudumiwa kwa miaka 10. Distro inayobadilika kila wiki iache nyumbani. Ni tamu kwa kujifunza, ila siku ya kulipa mishahara si siku ya kugundua kwamba sasisho la jana limeharibu skrini.

Ukikosa pa kuanzia, chukua ile ambayo fundi wako anaijua vizuri. Ubora wa distro ambayo huwezi kumpata mtu wa kuitengeneza haukusaidii kitu.

## Pesa na leseni

Kama ni ya bure, wanaoitengeneza wanakula wapi?

Wanauza huduma: msaada kwa simu, masasisho ya muda mrefu, mafunzo, uhakika kwamba kitu kikivunjika usiku kuna mtu wa kuamka. Si biashara ndogo. IBM iliinunua Red Hat mwaka 2019 kwa takriban dola za Marekani bilioni 34. Isitoshe, kampuni kubwa za vifaa na huduma za mtandao huwalipa waandishi wa kerneli mishahara, kwa sababu bila kerneli hiyo bidhaa zao hazisimami.

Nitaokoa pesa?

Kwenye leseni, ndiyo, na utaziona mara moja. Kwenye mafunzo, muda wa fundi na wiki chache za kunung'unikiwa, utatoa. Ofisi yenye kompyuta tatu na programu moja ya uhasibu isiyopatikana kwa Linux huenda isiokoe chochote. Ofisi yenye kompyuta arobaini ambazo watu wake hushinda ndani ya kivinjari itaokoa sana. Mtu anayekuuzia Linux kwa hoja ya bei peke yake hajakaa ofisini siku ya kwanza baada ya kuhama.

Nikiibadilisha, lazima niwaonyeshe washindani wangu msimbo wangu?

Hapana, ukiitumia ndani ya kampuni yako. Kerneli iko chini ya leseni ya GPL toleo la 2, na wajibu wa kutoa msimbo unakuja pale unapowapa wengine programu yenyewe, kwa mfano ukiuza kifaa chenye Linux ndani. Hapo mnunuzi ana haki ya kupata msimbo wa sehemu zilizo chini ya GPL, pamoja na mabadiliko yako. Programu yako ya mauzo inayokaa tu juu ya Linux ni mali yako.

Angalia tu kwamba kila programu ina leseni yake. AGPL, kwa mfano, inagusa hata huduma unayoitoa kupitia mtandao. Ukiwa unajenga bidhaa ya kuuza, mwite mwanasheria mapema.

## Kazi za kila siku

Mafaili ya Word na Excel yatafunguka?

Yatafunguka, kwa LibreOffice au programu nyingine. Barua, bajeti na ripoti za kawaida hazina shida. Shida ziko mbili, na zote zinajulikana.

Ya kwanza ni fonti. Waraka ulioandikwa kwa Calibri ukifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na Calibri hubadilishiwa fonti, mistari inasogea, na mkataba wa kurasa nne unakuwa wa kurasa tano, sahihi zikibaki peke yake kwenye ukurasa wa mwisho kama yatima. Dawa ni kusakinisha Carlito na Caladea, fonti huria ambazo herufi zake zina upana sawa na za Calibri na Cambria. Ni kazi ya dakika mbili, na huondoa malalamiko mengi kuliko mafunzo ya siku nzima.

Ya pili ni makro, yaani amri zilizohifadhiwa ndani ya waraka ili zijiendeshe zenyewe. Jedwali la Excel ambalo mtu fulani alilijaza vitufe na makro miaka kumi iliyopita, kisha akaacha kazi, halitahama salama. LibreOffice inajaribu kuendesha makro za VBA, lugha inayotumiwa na Excel, lakini usiweke hesabu za kampuni juu ya jaribio. Ama liandikwe upya, ama kompyuta hiyo moja ibaki Windows.

Programu yetu ya uhasibu ni ya Windows tu. Ndiyo mwisho wa safari?

Hili ndilo swali lenyewe. Maofisi hayashindwi kuhama kwa sababu ya Linux. Yanashindwa kwa sababu ya programu moja ambayo hakuna aliyeitaja kwenye kikao. Kabla ya lolote, keti na kila idara na uandike kila programu wanayoifungua kwa juma zima, pamoja na ile inayofunguliwa mara moja kwa mwezi kutuma ripoti ya kodi. Hiyo ya mara moja kwa mwezi ndiyo huua miradi.

Ukishaijua, una njia nne. Uliza kwanza kama ina toleo la kivinjari, maana nyingi sasa zinalo, na hapo mfumo endeshi unaacha kuwa na maana. Pili, jaribu Wine, inayoendesha programu za Windows ndani ya Linux. Nyingine hukubali bila shida, nyingine hufunguka vizuri hadi unapobonyeza kitufe cha kuchapisha. Tatu, weka Windows kwenye kompyuta moja au ndani ya mashine pepe (kompyuta ya kuigizwa inayoendeshwa ndani ya nyingine), watu waiingie kwa mbali. Hapo leseni ya Windows bado unailipia. Nne, badilisha programu. Odoo na ERPNext zina matoleo huria na zinabeba stoo, mauzo na hesabu. Lakini kubadilisha programu ya hesabu ni mradi unaojitegemea. Usiufanye mwezi mmoja na kuhamisha mfumo endeshi, la sivyo kila kosa litakuwa na wazazi wawili na hutajua umlaumu yupi.

Printa, skana na vifaa vya kaunta?

Printa mpya za mtandao, hasa zinazokubali kuchapa moja kwa moja kutoka kwenye simu, kwa kawaida hukubali Linux bila draiva yoyote, yaani programu ya kukielewesha kifaa na kompyuta. Printa za zamani zenye draiva za pekee ndizo zinazokera. Kisoma msimbopau cha waya ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: vingi hujitambulisha kwa kompyuta kama kibodi, vinaandika namba na kubonyeza Enta basi. Printa ndogo za risiti nyingi zinaelewa amri za ESC/POS, na programu za mauzo za Linux zinazijua.

Kabla ya kununua kifaa, chomeka fleshi yenye Linux kwenye kompyuta yoyote, iwashe kutoka kwenye fleshi hiyo bila kusakinisha kitu, kisha ukijaribu kifaa palepale dukani. Muuzaji akikataa, hilo nalo ni jibu.

Wafanyakazi wataiweza? Lazima wajue terminali?

Mfanyakazi wa kawaida hahitaji kuiona terminali, dirisha la kuandikia amri, maisha yake yote. Anafungua kivinjari, barua pepe na mafaili. Wengi huuliza kitu kimoja tu: "Mafaili yangu yako wapi?" Weka njia za mkato za folda zao pale pale zilipokuwa, na siku ya pili watakuwa wamesahau. Terminali ni ya fundi.

## Seva na mtandao

Kwa nini kila mtu anasema tuanzie kwenye seva?

Kwa sababu seva haina mazoea. Hakuna mtu anayeitazama usoni, kwa hiyo hakuna anayelalamika kwamba kitufe kimehama. Seva ya mafaili ya ofisi, ya nakala rudufu, au ya tovuti ya ndani inaweza kuhamia Linux mwisho wa juma, na Jumatatu watu wakafungua kazi zao bila kujua kuna kilichobadilika.

Kompyuta za Windows na seva ya Linux zitaelewana?

Zitaelewana, kupitia Samba. Kompyuta za Windows huiona seva kama folda ya kawaida ya mtandao, na tangu toleo la 4, lililotoka mwaka 2012, Samba inaweza hata kusimamia watumiaji kwa mtindo wa Active Directory, mfumo wa Microsoft wa kusimamia watumiaji na kompyuta za mtandao.

Kuna mitego ya majina. Kwenye Linux, "Ripoti.odt" na "ripoti.odt" ni mafaili mawili. Kwenye Windows ni jina moja, na mtumiaji ataona vitu vya ajabu. Tena Linux inakubali nukta pacha kwenye jina, Windows haikubali: mtu wa Linux akihifadhi "Kikao 10:30.odt", mwenzake wa Windows ataona jina fupi lililovurugwa lenye alama ya wimbi katikati, na atakupigia simu akidai kuna virusi. Kubalianeni tangu mwanzo: herufi, namba na vistari tu.

Nakala rudufu tayari tunazo. Inatosha?

Inatosha siku utakayorejesha faili kutoka humo na likafunguka. Nasema kwa uchungu. Niliwahi kupanga seva inakili mafaili kila usiku kwenda kwenye diski ya nje, kwa rsync, zana ya kunakili mafaili, iliyopangwa kwenye cron, inayoanzisha kazi kwa saa ulizoweka. Siku moja mtu alichomoa waya wa diski hiyo ili achaji simu. Linux haikulalamika: folda ambayo diski ilikuwa inaunganishwa ilibaki pale pale, tupu, na rsync ikaendelea kunakili kwa utiifu ndani yake, yaani kwenye diski ile ile ya seva. Ripoti ya kila asubuhi ilisema kazi imekamilika. Tuligundua baada ya miezi, diski kuu ilipojaa na seva kugoma. Bahati nzuri hakuna kilichopotea.

Tangu hapo kila hati yangu ya kunakili inaanza na amri ya mountpoint, inayouliza kama diski imeunganishwa kweli. Ikijibu hapana, kazi inasimama na barua pepe inatumwa. Na nakala moja ikae nje ya jengo.

Masasisho yanalazimisha kuzima na kuwasha?

Mara chache. Programu nyingi husasishwa huku zinafanya kazi, kisha huduma husika tu inawashwa upya. Kerneli ikisasishwa, ndiyo, itabidi uwashe upya ili mpya ishike, isipokuwa unatumia huduma ya kuweka viraka kerneli ikiwa hewani. Mtu anayejisifu kwamba seva yake haijazimwa kwa miaka mitatu anakwambia, bila kujua, kwamba huenda inatumia kerneli ya miaka mitatu iliyopita.

## Usalama

Ni kweli haina virusi?

Hapana. Virusi vya kompyuta za mezani za Linux ni vichache, lakini seva zinashambuliwa mchana na usiku. Weka seva yenye anwani ya wazi kwenye intaneti, ruhusu kuingia kwa SSH, njia ya kuiendesha seva ukiwa mbali, halafu fungua faili la kumbukumbu za kuingia. Haichukui muda kuona mstari baada ya mstari wa wageni wakijaribu nywila kwa jina la root (mtumiaji mkuu mwenye mamlaka yote), admin, test. Ni mashine zinazobahatisha. Zima kuingia kwa nywila, tumia funguo za SSH, zima root kuingia moja kwa moja, na acha masasisho ya usalama yajisakinishe yenyewe. Hayo manne yanafunga milango mingi.

Kila mtu anauona msimbo. Wahalifu nao si wanauona?

Wanauona, na wakati mwingine wanajaribu kuutia sumu. Machi 2024 ilibainika kwamba xz, zana ndogo ya kubana mafaili iliyomo karibu kila distro, ilikuwa imefichwa mlango wa nyuma, njia ya siri ya kuingilia, katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Mtu aliyeuweka alitumia zaidi ya miaka miwili akisaidia mradi huo kwa upole hadi akaaminiwa. Aliyemnasa ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliyeona kuingia kwa SSH kumechelewa kwa takriban nusu sekunde na akakataa kulipuuza.

Chukua mambo mawili hapo. Uwazi ulimwezesha mtu wa nje kufuatilia nusu sekunde hiyo hadi kwenye mzizi. Na sumu ilikuwa imefika zaidi kwenye matoleo ya majaribio, si yale ya muda mrefu yanayopaswa kuwa ofisini (tazama "Distro ni nini, na nichukue ipi?").

Laptopu ikiibiwa?

Chagua kusimba diski kwa LUKS, mfumo wa Linux wa kufunga diski isisomeke bila ufunguo, wakati wa kusakinisha. Ni kisanduku kimoja cha kuweka tiki. Ukisahau, kulifanya baadaye ni kazi ya kutoa jasho.

## Kuhama

Nianze na nini?

Anza na programu, mfumo endeshi ufuate. Gendarmerie ya Ufaransa, kikosi cha polisi chenye mfumo wa kijeshi, ilifanya hivyo: iliingiza OpenOffice mwaka 2005, ikafuata Firefox na Thunderbird, na ndipo kuanzia 2008 ikaanza kuweka Ubuntu. Mtu aliyeshazoea programu zile zile juu ya Windows, ukimbadilishia cha chini, anaona mandhari tu imebadilika. Ofisi ndogo nayo inaweza: miezi michache ya LibreOffice na Firefox juu ya Windows iliyopo, kisha idara moja yenye mtu mdadisi, kisha wengine.

Munich walihama wakarudi. Hiyo si dalili mbaya?

Ni somo, ila si rahisi kama linavyosimuliwa. Jiji hilo la Ujerumani liliamua kuhama mwaka 2003, na mradi wake, LiMux, ulipokamilika mwaka 2013 ulikuwa umefikia kompyuta zipatazo 15,000. Mwaka 2017 baraza la jiji likapiga kura kurudi Windows. Kulikuwa na siasa, na kulikuwa na malalamiko ya kweli: nyaraka za kubadilishana na wa nje, na programu za idara zisizokuwa na toleo la Linux. Unaona tumerudi kwenye "Programu yetu ya uhasibu ni ya Windows tu".

Kompyuta zetu haziwezi Windows 11. Linux itazifufua?

Mara nyingi. Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi zilizokataliwa, kwa mfano kwa kukosa TPM 2.0, chipu ya usalama, bado ni nzima. Zibadilishie diski ya kuzunguka kwa SSD, diski isiyo na sehemu inayozunguka, kwanza. Hiyo ndiyo itakayoleta tofauti kubwa kuliko distro yoyote.

## Ya kona kona

Distro tuliyoichagua ikifutwa?

Hutokea. Desemba 2020 ilitangazwa kwamba CentOS Linux 8, iliyotarajiwa kuhudumiwa hadi 2029, ingekoma mwisho wa 2021. Waliokuwa wameitegemea walikasirika, na walikuwa na haki. Lakini ndani ya miezi Rocky Linux na AlmaLinux zilikuwa zimezaliwa kuziba pengo, na seva nyingi zilihama bila kusakinishwa upya.

Fundi ameondoka na nywila ya root. Tumekwisha?

Kama diski haijasimbwa, na seva iko mbele yako, hapana. Unaiwasha upya, unabadilisha mstari wa kuanzia kwenye GRUB, programu inayoianzisha Linux, unaingia bila nywila na kuweka mpya. Kama imesimbwa kwa LUKS na hakuna mwingine mwenye ufunguo, basi mafaili yaliyobaki ni yale yaliyomo kwenye nakala rudufu. LUKS inakubali funguo kadhaa kwa diski moja. Weka ya pili kwenye bahasha, ndani ya sefu ya mkurugenzi, leo.

Tuna mashine ya kiwandani inayoendeshwa na Windows XP. Tuihamishe?

Usiiguse. Ichomoe kwenye intaneti, iwekee ukuta wa moto wa Linux mbele yake kama lazima ipokee mafaili, na nakili diski yake nzima kabla haijafa.

Mkaguzi anataka risiti za leseni za kompyuta zote. Nimpe nini?

Mpe orodha ya kompyuta, distro na toleo lililomo, pamoja na nakala ya leseni, ambayo kwenye Debian na Ubuntu inakaa ndani ya kila mashine, folda ya /usr/share/common-licenses. Kama mnalipia usajili wa msaada, ongeza ankara zake. Mkaguzi asiyewahi kuona hilo atauliza tena, "Lakini risiti iko wapi?" Mweleze kwamba haki ya kutumia imetolewa na leseni yenyewe, na mruhusu aandike hivyo kwenye ripoti yake kwa maneno yake.